Ya Mjapani, ya Mholanzi au mpya ya dukani? Baiskeli ya kupakia watoto

Baiskeli ya kwanza niliyonunua kwa ajili ya kupeleka watoto chekechea niliijaribu kama kila mtu anavyojaribu: nikaizungusha mtaa mmoja pale Ngamiani, Tanga, nikapiga kengele, nikafinya breki, nikalipa. Mpya, nyepesi, inang'aa. Kesho yake asubuhi, mbele ya geti la shule, mkubwa kashashuka, mdogo bado yuko kwenye kiti cha nyuma, nikageuka nimpe kaka yake chupa ya maji. Stendi ya mguu mmoja ikazama kwenye mchanga na baiskeli ikalala na mtoto wangu. Alichubuka kiwiko tu, alhamdulillahi, lakini nilirudi nyumbani nikiisukuma.

Tangu siku ile kipimo changu ni kimoja. Baiskeli ya kupakia mtoto naipima ikiwa imesimama. Ikishaondoka karibu zote ni nzuri, mwendo wenyewe unaishikilia. Kazi iko pale unapompandisha mtoto, unapomshusha, unapongoja lori lipite, unaposukuma kwenye kichochoro chenye mchanga huku mmoja kasinzia. Nitalinganisha kwa kipimo hicho, na anayetaka baiskeli ya mbio aniwie radhi.

Mimi nakaa Tanga, mji tambarare. Mkubwa wangu ana miaka mitano na kilo 17, mdogo ana miwili na kilo 11. Navaa baibui. Mume wangu ni mrefu kuliko mimi kwa kichwa kizima, na hilo litakuja kuleta maneno huko mbele.

Kwanza fremu

Tunaiita fremu ya kike kwa sababu haina bomba la juu kati ya tandiko na usukani. Jina hilo limewanyima akina baba wengi baiskeli nzuri. Faida yake kubwa ni mtoto, hata kuliko sketi. Ukiwa na kiti cha mtoto juu ya keria huwezi kuuzungusha mguu kwa nyuma, utampiga teke la uso. Ukiweka na kiti kidogo cha mbele, njia ya mbele nayo imezibwa. Inabaki njia moja tu: kupitisha mguu katikati, chini.

Ila "ya kike" si moja. Zile ngumu za Kihindi zina mabomba mawili ya mshazari yanayokwenda sambamba, na pa kupitishia mguu ni kwenye goti au juu yake. Ya Kiholanzi, ile wanayoiita omafiets, yaani baiskeli ya bibi, ina bomba lililopinda kama shingo ya bata, likashuka karibu na pedeli. Ya Kijapani huwa na bomba moja nene lililoshushwa sana, na nyingine limekunjwa mithili ya herufi U. Mpakate mtoto kiunoni, halafu ivuke baiskeli bila kuinua nguo. Ukilazimika kushika kitu, hiyo si yako.

Ya Mjapani

Hizi ndizo nyingi kwenye mitumba inayoshushwa pwani yetu, na ukipita kwa wauzaji utazijua kwa kikapu cha mbele na kava la mnyororo. Kwao zinaitwa mamachari. Mama ni mama hata Japani, na chari ni mkato wa jina la mtaani la baiskeli. Kwa hiyo hapo huhitaji mkalimani.

Kinachonifanya nizipende ni stendi. Ina miguu miwili mipana na inanyanyua gurudumu la nyuma, tena ina kitasa: ukishaipiga chini haijikunji mpaka uitake. Mtoto akijitupa upande huu au ule, baiskeli inabaki wima. Tandiko linashuka chini vya kutosha mtu wa kimo changu kukanyaga ardhi kwa nyayo zote mbili, si kwa ncha ya dole gumba. Hapo tu tayari imeshinda mechi kwa upande wangu, lakini kuna mambo ya kuchunguza, maana mtumba ni mtumba.

Angalia keria. Hizi za Japani hupigwa chapa kwenye chuma, mara nyingi upande wa nyuma au chini: CLASS 18, CLASS 25 au CLASS 27. Hizo ni kilo. Ya 18 ni ya mkoba na mboga. Kiti cha mtoto hakiruhusiwi juu yake, hata kama skrubu zinaingia, kwa sababu kiti chenyewe kina kilo kadhaa kabla mtoto hajakaa. Tafuta 25 au 27. Wauzaji wengi hawaijui chapa hii. Mimi niliinama kuisoma, muuzaji akadhani natafuta kutu ili nimpunguze bei, akapunguza bila kuombwa.

Baadhi huja na kiti cha mtoto kabisa. OGK ndilo jina utakaloliona mara nyingi. Kagua mikanda, maana jua hula nyuzi taratibu na mkanda uliokauka hukatika ukiuvuta kwa nguvu. Uvute ukiwa bado dukani, ukatikie mikononi mwako na si kifuani mwa mtoto. Kagua pia vikanyagio vya miguu. Vinapotea sana, na mtoto asiye na pa kuweka mguu atauingiza kwenye spoku. Kila fundi wa baiskeli ana kisa cha mguu uliosagwa na spoku, usitake kuongeza chako. Kama kinga ya plastiki ya ubavuni imevunjika, funga wavu. Mimi nilipata kipande cha wavu wa dagaa kwa wavuvi, nikakivuta kutoka keria hadi kwenye ekseli, nikakishona na madigadi kwa uzi wa nailoni. Sasa unazuia miguu na baibui kwa pamoja.

Kufuli. Zipo za Bridgestone ambazo ukizungusha ufunguo mmoja unafunga gurudumu la nyuma na usukani kwa mpigo. Kwa kupakia watoto ni raha, maana usukani uliofungwa haugeuki ghafla ukiwa umesimamisha. Lakini mwaka 2019 kampuni yenyewe ilitangaza kuzirekebisha kwa wingi huko Japani, kwa kuwa kasha la kufuli la usukani likipasuka usukani unaweza kujifunga njiani. Ukikuta yenye mfumo huo na kasha lina ufa, mwambie fundi atoe kufuli la usukani lote, ubaki na la nyuma. Isipokuwa na ufunguo, usiinunue kwa ahadi kwamba "tutakuchongea".

Breki ya mbele hubana rimu kwa mipira, ya nyuma huwa ndani ya ngoma ndogo pembeni ya haba, yaani kitovu cha gurudumu. Aina inayobana ngoma kwa ukanda hulia kama mbuzi, hasa ikizeeka, na hapo ndipo msiba wangu wa pili ulipoanzia. Fundi mmoja, mtu mwema kabisa, alisikia kelele akaminya oili ndani ya ngoma. Kelele zikaisha, na breki ikaisha pia. Oili haiingii humo. Ukanda ukilowa mafuta ni wa kubadilishwa. Zipo nyingine zinazotumia roli ndani na zinahitaji grisi yake maalumu, nazo ni tulivu zaidi. Uzuri wa zote mbili ni masika: rimu ya chuma iliyopakwa kromu ikilowa, breki ya mipira huteleza kama sabuni, ila ngoma inaendelea kushika.

Kama ina gia tatu za ndani ya haba, ongeza pesa uichukue. Sababu si milima, Tanga haina milima ya kutisha. Sababu ni kusimama, tena. Gia za ndani unazibadilisha baiskeli ikiwa haitembei. Lori limekukatisha ukiwa kwenye gia nzito na kilo 28 za watoto mgongoni: unazungusha mpini kidogo, unaanza upya na nyepesi. Zile za mnyororo unaorukaruka kwenye meno zinataka kwanza pedeli zizunguke, na wewe huwezi kuzizungusha ndiyo maana ukazihitaji. Halafu kuna upepo. Kusi likivuma ukiwa unaelekea Raskazone, na umekaa wima kama mlingoti, gia ya kwanza utaibusu.

Ya Mholanzi

Hizi ni chache zaidi, na nilipata kuiendesha moja kwa wiki mbili kwa hisani ya jirani. Niseme kweli: ikiwa inatembea, hakuna inayoifikia. Ndefu, nzito, kama kilo 20 hivi, inanyooka barabarani kana kwamba ina reli yake. Mnyororo umefunikwa wote, mbele na nyuma, mchanga na chumvi ya bahari haviuoni. Gazelle wanatengeneza baiskeli tangu 1892 na Batavus tangu 1904, na ukizishika unajua kwamba waliozitengeneza walitarajia zilale nje kwenye mvua.

Kwao pia watoto ndiyo shughuli. Uholanzi, mtoto wa chini ya miaka minane sharti akae kwenye kiti salama chenye egemeo la mgongo, mikono na miguu. Viti vya Ulaya vina kipimo kinachoeleweka: cha nyuma ni kwa mtoto wa kilo 9 hadi 22, cha mbele kilo 9 hadi 15. Hata ukinunua kiti kingine chochote, namba hizo ni za kushika. Mtoto ambaye hajaweza kukaa mwenyewe na shingo imara hapandi, na mbeleko mgongoni juu ya baiskeli mimi sikubaliani nayo, maana ukianguka unamwangukia.

Sasa isimamishe. Ndipo mambo yanapobadilika. Nyingi zina breki ya kukanyaga nyuma. Haina waya wa kukatika, haijali mvua, na mkono mmoja unabaki huru kumshika mtoto. Lakini kwa kuwa kukanyaga nyuma ni breki, huwezi kuirudisha pedeli nyuma ili uiweke pazuri pa kuanzia. Ukisimama pedeli ikiwa chini, utaanzia hapo hapo, au uisukume baiskeli mbele kidogo kwa miguu. Bila mtoto ni jambo dogo. Ukiwa na wawili kwenye makutano, na bodaboda wanakupigia honi, si dogo. Mnyororo ukichomoka, breki hiyo nayo imekwenda, kwa hiyo hakikisha kuna nyingine ya mkono.

Kisha kimo. Fremu zao zinatengenezwa kwa watu warefu, na magurudumu ni ya inchi 28. Tandiko likishushwa hadi mwisho mimi bado nagusa chini kwa ncha za vidole. Mume wangu aliipanda akasema hii ndiyo baiskeli. Kwenye ya Mjapani magoti yake yanagonga usukani na nguzo ya tandiko ni fupi. Tulibishana siku nne. Kama wewe ni mrefu, soma makala hii ukibadilisha majina: Mholanzi ndiye wako, na kilio changu cha vidole hakikuhusu. Fundi anaweza kukuwekea nguzo ndefu kwenye ya Kijapani, lakini isipitishe alama iliyochorwa ya mwisho wa kuchomoa.

Stendi zao nyingi ni za mguu mmoja. Za miguu miwili zipo, ukiipata nayo sehemu kubwa ya lawama zangu inapungua. Baadhi zina springi ndogo inayounganisha usukani na fremu ili gurudumu la mbele lisigeuke ovyo, kitu kidogo chenye manufaa makubwa ukiwa na kiti cha mbele.

Na pancha. Nyuma, kwa lile kava zima, kubadilisha tairi ni kazi ya nusu siku na fundi atakutajia bei kwa uso wa huzuni. Kuziba kiraka bila kutoa gurudumu kunawezekana, unavuta tyubu pembeni. Anayejua hilo mshike.

Tairi, kabla hujalia

Hapa watu wengi huumia. Tairi la 26 la ya Kijapani si 26 la baiskeli ya milimani. Ubavuni mwa tairi kuna namba mbili zenye kistari katikati. Ya Kijapani ya 26 × 1 3/8 huandikwa 37-590. Ya milimani ya 26 huishia 559. Za Kiholanzi za 28 nyingi huishia 622, na zile ngumu za Kihindi za 28 × 1 1/2 huishia 635. Hiyo namba ya pili ni kipenyo cha mahali tairi linapokaa kwenye rimu, kwa milimita. Isipolingana, hata ukiletewa fundi kutoka mbinguni tairi haliingii. Piga picha ubavu wa tairi, nenda nayo kwa wauza vipuri wa mtaani kwako kabla ya kununua baiskeli. Mimi niliuliza maduka matatu, 590 nikaikuta kote, kwa sababu Wajapani wametuzoesha. Ikiwa kwenu ni kinyume, hukumu yangu nayo igeuzwe.

Valvu angalau hazigombani. Kijapani, Kiholanzi na Kihindi zote kwa kawaida zina ya aina moja, na nyingi zina kampira kembamba ndani. Kampira kakichoka, upepo unatoka polepole nawe unatafuta pancha isiyokuwepo. Nunua kadhaa, weka kwenye pochi.

Mpya ya dukani, na nyingine mbili

Nitazipita haraka. Zile mpya zenye kikapu cheupe na maua, ambazo ndizo nilizoanza nazo, zina keria nyembamba isiyo na chapa yoyote ya uzito na stendi ya mguu mmoja. Fremu ni ya kike kweli, na bei ya mwanzo inavutia. Kama mtoto ni mmoja, mdogo, na utabadilisha keria na stendi siku hiyo hiyo, inakwenda. Hesabu gharama hizo kwanza. Kwangu mimi ziliimaliza tofauti ya bei.

Zile ngumu za Kihindi na Kichina zenye breki za vyuma virefu badala ya waya ni punda kweli. Keria yake nzuri, vipuri viko kila kijiji. Lakini ni ndefu, na breki zake wakati wa mvua ni dua tu. Kwa magunia ningeichukua, kwa watoto hapana. Walio Kenya wana chaguo jingine upande huo wa kazi nzito: Buffalo ya shirika la World Bicycle Relief, ambalo lilianza 2005 baada ya tsunami ya Bahari ya Hindi. Keria yake inabeba kilo 100 na breki ni ya kukanyaga nyuma. Kama njia yako ni ya vumbi na mawe kilomita nyingi, kaitazame hiyo kabla ya hizi zangu za lami.

Kuna na hizi za Kijapani zenye mota na magurudumu madogo ya 20, zilizotengenezwa hasa kwa akina mama wenye watoto wawili. Yamaha ndio waliotangulia na baiskeli ya kusaidiwa na umeme mwaka 1993. Tangu 2009 Japani imeruhusu watoto wawili kwenye baiskeli zilizotengenezwa kwa kazi hiyo. Kwa kusimama ni malkia: kiti kiko chini, stendi pana, fremu haitikisiki. Ila inayokuja kwenye kontena mara nyingi betri imekufa au haipo, na bila betri unasukuma chuma cha kilo 30. Chaja ya kwao nayo ni ya volti 100. Ukiichomeka kwenye umeme wetu wa 230 utasikia harufu. Ukiipata kwa bei ya chuma chakavu na una nguvu za miguu, itumie kama ya kawaida kwa safari fupi. Mimi sina hizo nguvu.

Siku ya kununua

Nilichukua ya Mjapani, gia tatu, CLASS 27, kijani iliyopauka. Kabla ya kulipa nilimwomba muuzaji aniazime kiroba cha unga cha kilo 25 kutoka duka la jirani. Tukakifunga juu ya keria, tukapiga stendi, nikakisukuma kiroba kushoto na kulia kama mtoto anayegombea biskuti. Nikakaa, nikashusha miguu yote miwili, nikaitoa kwenye stendi bila kusaidiwa. Nikaisukuma kwa mkono mmoja hadi kwenye mchanga wa kando ya barabara na kurudi. Vijana wa pale walicheka sana. Mmoja akauliza, "Mama, huipandi sasa?" Nikampa mkubwa wangu ufunguo ashike, nikaipanda mara moja, raundi moja, kwa kuwaridhisha.

Mchanga wa getini haujaondoka. Hata stendi ya miguu miwili huzama kidogo ikiwa na watoto juu. Ndani ya kikapu nimeweka kifuniko cha ndoo ya lita 20, nakitupa chini, stendi inakaa juu yake. Mvua ikinyesha ninapokuwa kazini, hicho hicho nakifunga juu ya tandiko.